Siku ya Kuandikiana na Siku ya Kukabidhiwa Nyumba



Katika mambo ambayo mkuu wa nyumba huyaendea kwa furaha nyingi na hadhari chache, kununua nyumba ni la mbele. Mtu hukusanya fedha kwa miaka kumi au kumi na mitano, akajinyima, na watoto wake wakajinyima pamoja naye. Kisha siku moja, kwa muda wa saa moja, akazitia zote mkononi mwa mtu mwingine. Ukimwuliza, "Nyumba imekuwa yako lini?" hukujibu kwa fahari, "Tumekwisha andikiana." Ukimwuliza tena, "Na ufunguo utapewa lini?" hunyamaza, au husema, "Karibuni, inshallah, mwenyewe akisha hama." Basi ndani ya neno hilo "karibuni" ndimo zinamozaliwa kesi nyingi, na ndimo unamokatika ujirani wa miaka mingi.

Kwa hiyo mwezi huu twapenda kuzieleza tarehe za ununuzi wa nyumba, ili kila msomaji ajue ni siku gani fedha zinatoka, ni siku gani mali inaingia, na ni nani abebaye hasara ya katikati. Twawakusudia khasa ndugu zetu wa Jangwani na Kariakoo, ambako kiwanja kidogo huweza kuwa na warithi kumi, wapangaji sita na mnunuzi mmoja mwenye haraka.

Watu hudhani kuwa nyumba hubadili mwenyewe kwa siku moja. Sivyo. Siku zenyewe ni nne, na kila moja ina hukumu yake. Ya kwanza ni siku ya kuandikiana mkataba. Ya pili ni siku ya kukamilisha, yaani bei kumalizwa na hati ya uhamisho kutiwa saini. Ya tatu ni siku Msajili wa Hati anapoliandika jina la mnunuzi katika daftari lake. Ya nne ni siku ya makabidhiano, muuzaji anapotoka na mnunuzi akapokea ufunguo. Huenda siku mbili katika hizi zikaangukia pamoja. Huenda baina ya moja na ya pili ikapita miezi. Kuachana kwao hakudhuru, maadamu kila moja imeandikwa.

Tuanze na siku ya kuandikiana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeshurutisha kuwa mapatano ya kuuziana haki ya ardhi yawe kwa maandishi. Mapatano ya mdomo hayatatekelezwa na mahakama. Sisi Waislamu hatukuhitaji kungoja mwaka huo tupate kulijua jambo hili, maana aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu uandishi wa madeni ya muda na kushuhudisha katika mauziano. Tena imetaja muda uliokwisha wekwa, na wanavyuoni wameshurutisha kuwa muda wa malipo yanayocheleweshwa uwe maalumu. Basi twaona ajabu kuwa mtu asomaye aya hiyo atie saini karatasi iliyoandikwa, "Muuzaji atahama baada ya Idi." Idi ipi, ndogo au kubwa? Na baada yake kwa siku ngapi? Na mwezi ukionekana mahali hapa usionekane pale, ni nani atakayehukumu? Na iandikwe siku, mwezi, mwaka, na saa. Wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kabla ya kutia saini, mnunuzi ajue ni kitu gani anachouziwa. Kwa sheria hiyo hiyo ya 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ardhi ya umma, imewekwa chini ya Rais kama mdhamini wa wananchi wote. Mtu huwa na haki ya kuimiliki kwa muda, nao hauzidi miaka 99. Kwa hiyo anunuaye nyumba hununua majengo pamoja na miaka iliyobaki katika hati. Na aulize imebaki mingapi. Kisha aende kwa Msajili wa Hati akafanye upekuzi, apate kuona jina la mwenye hati, kama pana rehani ya benki, na kama pana zuio lililowekwa na mke, mrithi au mdai. Upekuzi huu aufanye mara mbili: mara moja kabla ya kuandikiana, na mara ya pili kabla ya kutoa fedha kubwa, kwani baina ya siku mbili hizo muuzaji asiye mwaminifu aweza kuweka rehani mpya. Mnunuzi mwenyewe pia, akisha andikiana, anayo ruhusa ya kuomba zuio liandikwe katika daftari ili kulinda haki yake.

Wako wanaodhani kuwa muhuri wa serikali ya mtaa watosha. Muhuri huo wathibitisha kwamba watu fulani walikuja wakaandikiana mbele ya kiongozi wa mtaa, haufanyi hati. Vivyo hivyo leseni ya makazi, iliyotolewa katika sehemu zisizopimwa, hailingani na hati ya kumiliki.

Katika siku hii ya kwanza ndipo hutolewa arubuni. Hapo pana jambo lipasalo kutazamwa. Mafakihi wengi, na Imamu Shafii miongoni mwao, hawakulijuzisha sharti la kwamba arubuni ipotee mnunuzi akighairi; Imamu Ahmad bin Hanbal amelijuzisha. Basi ili kuepuka mashaka, na iandikwe wazi kuwa fedha hizo ni sehemu ya bei, na kwamba zitarudishwa, na kwa tarehe gani, iwapo mauzo yatakwama bila ya kosa la mnunuzi.

Sasa siku ya pili na ya tatu. Baada ya mkataba, Kamishna wa Ardhi yapasa apewe taarifa ya mauzo, na pale sheria inapotaka kibali, kibali kipatikane. Mamlaka ya Mapato nayo hudai kodi ya faida iliyotokana na mauzo: kwa mkazi wa nchi ni asilimia 10 ya faida, na kwa asiye mkazi ni zaidi ya hapo. Kodi hii ni juu ya muuzaji, na Msajili hataandika uhamisho mpaka aone kuwa imelipwa. Ushuru wa stempu, ambao kwa nyumba za mjini ni kama asilimia 1 ya thamani, nao una muda wake: hati yapasa itiwe stempu katika siku 30 tangu kutiwa saini, na hati isiyo na stempu haipokelewi kuwa ushahidi mahakamani. Pango la ardhi la nyuma lote nalo hudaiwa.

Kwa ajili ya mambo haya, baina ya kuandikiana na kukamilisha hapana budi pawe na nafasi. Muuzaji akimwambia mnunuzi, "Nilipe zote leo, mambo ya ofisini tutayamaliza baadaye," na ajue kuwa anatakiwa kukaa upande wenye hatari peke yake. Njia ya salama ni kuigawa bei kwa tarehe: fungu dogo siku ya kuandikiana, fungu kubwa siku kibali, risiti za kodi na hati ya uhamisho iliyotiwa saini zikiwa mezani, na fungu la mwisho siku ya ufunguo. Fedha zipite benki, au zikae kwa wakili kwa masharti yaliyoandikwa, ili kila upande uwe na cha kuonyesha.

Wala mtu asidhani kuwa saini ya uhamisho ndiyo mwisho. Sheria ya Uandikishaji wa Ardhi yasema kuwa uhamisho wa ardhi iliyoandikishwa haupiti mpaka uandikwe katika daftari la Msajili. Aliyelipa bei yote na kukaa katika nyumba miaka mitano bila ya kuandikishwa, bado mbele ya daftari mwenye nyumba ni yule wa kwanza. Akifa muuzaji, warithi wake watakuja na hati yenye jina la baba yao.

Sasa twaja kwenye siku ya nne, ya makabidhiano, ambayo watu huidharau kuliko zote. Wanavyuoni wa Kishafii hawakuidharau. Katika vitabu vyao, kama Minhaj ya Imamu Nawawi, imeelezwa kuwa kabdhi ya nyumba ni muuzaji kumwachia mnunuzi, kumwezesha kuitumia, na nyumba iwe tupu, haina vitu vya muuzaji. Tazama, ndugu msomaji, jinsi maneno haya machache yanavyomaliza ugomvi. Muuzaji aliyetoa ufunguo lakini ameacha makabati yake katika chumba kimoja, na mkwewe katika chumba cha pili, hajakabidhi.

Na makabidhiano hayo yana matokeo. Kwa madhehebu ya Shafii, kitu kilichouzwa kikiharibika kwa amri ya Mungu kabla ya kabdhi, hasara ni ya muuzaji, na mauzo hubatilika. Tena mnunuzi hana ruhusa ya kukiuza kabla ya kukipokea. Imamu Abu Hanifa ametenga ardhi na majengo katika katazo hilo. Lakini sisi wa pwani hii wengi wetu ni Mashafii. Basi yule afanyaye biashara ya kuandikiana nyumba leo, na kesho kumwuzia mtu wa tatu kwa faida hali ufunguo hajauona, na ajiulize. Hata benki ziendazo kwa taratibu ya Kiislamu, kama Amana Bank iliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2011, zinapouza kwa murabaha hufungwa na kanuni hii: kwanza benki iimiliki na kuipokea mali, ndipo imwuzie mteja.

Suala la hasara si la vitabuni tu. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka hapo hapo Kariakoo, likaua watu. Moto na maporomoko havingoji tarehe ya mkataba. Mnunuzi aliyelipa nusu ya bei, na nyumba ikaungua kabla hajapewa ufunguo, atadai nini? Mahakama itautazama kwanza mkataba. Kwa hiyo sharti liandikwe waziwazi: mpaka saa ya makabidhiano, hasara ya nyumba ni juu ya muuzaji, baada ya hapo ni juu ya mnunuzi.

Hapa yafaa tuseme kidogo juu ya hali ya mitaa yetu. Jina la Kariakoo lenyewe ni ukumbusho wa wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Nyumba za kale za mtaa huu nyingi zilijengwa kwa mtindo tuujuao sote: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uwani jiko na choo. Katika nyumba ya namna hiyo, anayeuza mara nyingi haishi humo. Waishio ni wapangaji, nao wamekwisha lipa kodi ya miezi sita.

Tuchukue mfano. Vyumba sita, kila kimoja shilingi 100,000 kwa mwezi, na wapangaji wote wamelipa tangu Machi hadi mwisho wa Agosti. Jumla ni shilingi 3,600,000, na muuzaji amekwisha zitia mfukoni. Makabidhiano ni tarehe 1 Juni. Kodi ya Juni, Julai na Agosti, shilingi 1,800,000, ni ya nani? Muuzaji atasema, "Nilipokea nikiwa mwenye nyumba." Mnunuzi atasema, "Watu hawa wanakaa katika nyumba yangu." Na mpangaji, aliyelipa kwa haki, ataamshwa alfajiri aambiwe atoe virago. Huyo wa tatu hakuuza wala hakununua, lakini ndiye atakayelala nje na watoto wake. Basi mkataba na uchague moja: ama nyumba itakabidhiwa tupu, na muuzaji ndiye awape wapangaji notisi na kuwarudishia kilichobaki, ama itakabidhiwa pamoja na wapangaji, na hizo shilingi 1,800,000 zipunguzwe katika bei. Na wapangaji waarifiwe kwa barua ni tarehe gani kodi yao itabadili mkono.

Jambo la pili ni mirathi. Nyumba nyingi za mitaa hii zimeachwa na babu. Mrithi mmoja, hata akiwa ndiye mkubwa na ndiye aliyekaa humo siku zote, hana mamlaka ya kuuza fungu la wenziwe. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, na jina lake liwe limeandikwa kwanza katika daftari la Msajili kwa cheo hicho. Twashauri warithi wote watie saini za ridhaa. Hali kadhalika, nyumba ya ndoa haiuzwi na mume bila ya ridhaa ya mke, wala na mke bila ya ridhaa ya mume. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Tarehe nzuri ya makabidhiano haitamfaa kitu mnunuzi ikiwa bibi mwenye nyumba hakuulizwa.

Na mjane je? Edda ya aliyefiwa na mume ni miezi minne na siku kumi, au mpaka azae akiwa na mimba. Na kwa Mashafii anayo haki ya kukaa muda huo katika nyumba aliyokuwamo mume alipofariki. Tumeona haraka ya warithi ikimfanya mwanamke mwenye huzuni ahesabu sahani zake mlangoni hali arubaini ya mumewe haijafika. Mnunuzi mwenye imani na aulize: je, katika nyumba hii yumo mwanamke katika edda? Akiwamo, tarehe ya kukabidhi iwekwe baada ya siku zake kwisha. Subira hiyo haitamfilisi.

Jambo la tatu lawahusu wale wa upande wa bonde. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu wengi wa Bonde la Msimbazi, na waliohamishwa wakapelekwa Mabwepande. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za watu katika meta 60 kutoka ukingo wa mto. Kisha ukaja Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 mwaka 2022, na nyumba za bondeni zikafanyiwa tathmini kwa ajili ya fidia. Mahali penye tathmini pana tarehe nyingine kubwa kuliko zote: siku ya kufunga orodha. Anunuaye nyumba iliyokwisha tathminiwa kwa jina la mwingine amenunua kuta, na fidia imekwenda kwa aliyeandikwa. Nyumba ya bei ya chini kupita kiasi karibu na mto na iulizwe habari zake katika ofisi ya ardhi kabla ya kuulizwa bei.

Wenzetu wa nchi nyingine nao wana taratibu zao. Uingereza, siku ya kubadilishana mikataba huwa mbali na siku ya kukamilisha. Siku ya kwanza mnunuzi hutoa amana, kwa desturi asilimia 10, na hapo pande zote mbili zimefungwa. Siku ya pili bei iliyobaki ikifika kwa mwanasheria wa muuzaji, ndipo ufunguo hutoka. Marekani, siku ya kufunga mauzo na siku ya kuingia huweza kuwa moja, au muuzaji akapewa siku kadhaa za kukaa kwa maandishi na kwa malipo. Ndugu zetu walio huko wanaotuma fedha kununua nyumba Dar es Salaam wasidhani kuwa huku mambo hujiendesha vivyo hivyo. Huku asiyeandika tarehe zake hana wa kumwandikia.

Siku ya makabidhiano yenyewe ifanywe kwa mashahidi. Zungukeni chumba kwa chumba. Yaandikwe yaliyomo na yaliyovunjika. Soma mita ya maji mbele ya wote. Itazamwe mita ya umeme, maana tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwa njia ya LUKU, na deni lililolimbikizwa katika mita litamkuta atakayenunua umeme kesho. Ukiwa umenunua sehemu ya ghorofa, ambazo zina sheria yake ya mwaka 2008, ulizia pia michango ya jengo imelipwa mpaka mwezi gani. Kisha watu wote watie saini, pamoja na saa.

Na mkataba usisahau kusema itakuwaje siku ikipita: muuzaji asipohama, atalipa nini kwa kila mwezi atakaokaa, kama mpangaji, mnunuzi asipolipa kwa tarehe, atapewa siku ngapi, kisha mkataba utavunjwa vipi. Neno hili twalisema kwa kuwa wengi huona haya kulitaja mbele ya jirani. Haya hiyo huisha mapema, kesi hudumu. Kuandikiana vema ni kumhifadhi mwenzako na nafsi yake pamoja na kujihifadhi wewe.

Mwezi ujao, inshallah, tutaeleza namna ya kuandika wasia wa nyumba bila ya kuwadhulumu warithi. Mwenyezi Mungu atupe makao yenye baraka, ya halali, na yasiyo na machozi ya mtu mwingine. Wallahu aalam.